Kwa Miguu Hadi Bagamoyo

Kazi yangu ni kuwaondolea watu shida ya kutembea. Nauza tiketi katika kituo kikuu cha mabasi cha Nzuguni, hapa Dodoma, na tangu alfajiri naita Morogoro, Dar, Singida, Mwanza mpaka koo linakauka. Ndiyo maana wenzangu wa kibandani hucheka likizo yangu ikifika, wanaponiona nimefunga begi mgongoni na raba kuukuu miguuni. Unakwenda wapi? Pwani, kutembea. Nani anakuongoza? Hakuna.

Utalii wenyewe ndio huo. Unachagua njia ambayo watu wa dini waliikanyaga kabla yako, unaitembea kwa miguu siku kadhaa, na hakuna mwongoza watalii anayekutangulia. Maji unajipimia mwenyewe, pa kulala unajitafutia mwenyewe, na ukichoka unakaa chini ya mti bila kumwomba mtu ruhusa.

Ulaya jambo hili limekuwa biashara kubwa. Njia inayotajwa kuliko zote ni ya kwenda Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi ya Hispania, kwenye kanisa kuu ambako waumini wanasadiki amezikwa Mtume Yakobo. Njia za kufika huko ni nyingi. Mojawapo hufuata ufuko wa Atlantiki kutoka Porto, nchini Ureno, mwendo wa kama kilomita 280. Msafiri huvuka mto Minho kwa boti, akaingia Hispania na kupita Baiona na Vigo kabla ya kukata kuelekea bara. Mkononi ana kijitabu kinachogongwa mihuri makanisani, kwenye mabweni ya mahujaji na hata migahawani. Akifika na kuonyesha kwamba ametembea angalau kilomita 100, anapewa hati. Mwaka 2024 waliopokelewa katika ofisi ya mahujaji huko Santiago walikaribia nusu milioni, na si wote waliokwenda kusali. Wengine walikwenda kupumzisha akili.

Kampuni nyingi zinazouza safari hizo haziuzi mwongozaji. Zinakukatia vyumba, zinakupa ramani, na kila asubuhi gari linachukua begi lako na kulitanguliza utakakolala. Hapo mimi hutabasamu. Mambo ya kubebewa mizigo tunayajua sana huku bara, ila tuliyajua kutoka upande wa wabebaji. Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 alitwika frasila mbili, kama kilo 32, kutoka bara hadi pwani, mwenye mali akitembea mikono mitupu.

Kinachonigusa mimi kuhusu Santiago ni rangi tu. Mwaka 1984 padre mmoja wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, alipata rangi ya njano ya kuchorea barabara akaanza kupaka mishale kwenye mawe, miti na kuta, kijiji baada ya kijiji, ili mgeni asiulize njia. Leo mishale hiyo ndiyo mwongozaji. Mtu kutoka Korea asiyejua neno moja la Kihispania anaifuata mpaka mlangoni mwa kanisa.

Kwetu kutembea kwa ajili ya ibada si jambo la kuletewa. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, barabara za Uganda hujaa watu wanaokwenda Namugongo, walikouawa mashahidi mwaka 1886. Wapo wanaotembea majuma mawili na zaidi kutoka magharibi ya nchi hiyo, wapo wanaotoka Kenya, na Watanzania hawakosi. Lakini hao huenda kwa makundi, wakiwa na bendera, nyimbo na viongozi wao. Kwenda mtu na mwenzake, kwa mwendo wao wenyewe, ndiko tusikokuzoea.

Mimi mwenzangu ni fundi viatu wa hapa kituoni. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu wa twarika ya Kadiria. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, Mwanglikana. Kila mmoja ana sababu yake ya kwenda Bagamoyo, na mji ule unatutosha wote wawili.

Sababu yake ni Sheikh Muhammad Ramiya. Huyu alitolewa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto, akafikishwa Bagamoyo utumwani. Akasoma dini, akapata uhuru, akawa khalifa mkubwa wa Kadiria katika pwani yetu mpaka alipofariki mwaka 1931. Kila mwaka watu hukusanyika Bagamoyo kwa ziara na dhikri. Fundi husema kwamba mtu aliyeletwa pwani kwa miguu, tena bila hiari yake, anastahili kuzuriwa na watu waliokwenda kwa miguu kwa hiari yao.

Sababu yangu ni misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliifungua mwaka 1868, wakaanza kuwakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Mwaka 2018 Wakatoliki wa nchi nzima walisherehekea hapo miaka 150 ya uinjilishaji wa Tanzania bara. Kuna pango la Bikira Maria lililojengwa mwaka 1876 na watu waliokombolewa, kuna njia ndefu yenye miembe, na kuna mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Mzungu huyo si wa dhehebu lile, na wala si yeye anayenipeleka. Wanaonipeleka ni watumishi wake, Susi na Chuma. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwezi Mei 1873, wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Mwingereza Verney Cameron aliwashauri wauzike hapo. Wakakataa. Waliendelea mpaka baharini, safari ya miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,500. Sijui hija gani ya Ulaya inaipita ile.

Sasa niseme jinsi ya kufika, maana hiyo ndiyo fani yangu. Mtu wa Dodoma hana haja ya kwenda mpaka Dar es Salaam na kurudi nyuma. Panda basi la alfajiri la kwenda Dar, shuka Chalinze. Hapo tafuta gari la kuelekea Msata, kisha lingine linaloshuka Bagamoyo kwa lami. Lala mjini. Kesho yake chukua bajaji au bodaboda mpaka Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kusini ya mji, uanze kurudi kwa miguu ukiwa na bahari mkono wa kulia. Kwa mtu asiye na haraka ni kazi ya nusu siku au zaidi kidogo, na ukiwa na siku nyingi unaweza kuigawa mara mbili kwa kulala njiani.

Mtu wa bara akifika ufukweni hufikiri bahari ni kama bwawa la Mtera, kwamba maji yako pale pale siku zote. Hayako pale pale. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua, maji hupwa mbali sana na hujaa kwa nguvu. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayatoki mbali wala hayarudi kwa kishindo. Kwa pwani yetu ya kati, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Maana yake ukianza kutembea saa mbili, una mchanga mpana, ulioloa na kushikana, mgumu kama sakafu ya udongo, mpaka karibu na saa saba. Ukichelewa, maji yanakusukuma juu kwenye mchanga mkavu, na huko kilomita moja inakula nguvu za kilomita tatu. Tena ufuko umeinama upande mmoja. Baada ya muda nyonga ya upande wa juu inaanza kulalamika, hata kama ukiwa nyumbani hujawahi kujua kwamba una nyonga.

Tulipofika Mlingotini mara ya kwanza tulimkuta mzee anashona wavu chini ya mkungu. "Shikamoo babu," nikasema, "maji yanarudi saa ngapi?" Akaitikia marahaba, akatutazama viatu kwanza. Akatuambia tusing'ang'anie ufuko mpaka mwisho, kwa sababu upande wa Mbegani, kwenye chuo cha uvuvi, kuna mikoko, na mtu akijiingiza humo hukwama kwenye tope mpaka magotini. Tukatize ndani, kwenye njia za mashamba ya minazi, tutokee Kaole. Ramani ya simu haikuonyesha njia hizo. Mzee alizijua zote.

Kaole ni kituo ambacho mimi na Fundi hatukipiti bila kukaa. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe, na mibuyu ambayo Mgogo akiiona anajisikia yuko kwao. Kulikuwa na bandari hapa kabla mikoko na matope havijaiziba na biashara kuhamia Bagamoyo. Kaburi moja, la Sharifa, bado watu wanalizuru na kuomba dua. Lipa kiingilio, vua viatu unapoambiwa, usikae juu ya makaburi ili upigwe picha. Kutoka hapo mpaka mjini ni kama kilomita tano, na unaweza kurudi ufukweni mpaka ufike kwenye soko la samaki, ambako pweza wa kuchoma atakupa nguvu za kumalizia kwenda misheni.

Mambo ya mwilini hayana ujanja mwingi. Dodoma iko juu ya mita elfu moja na hewa yake ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona. Pwani jasho halikauki, linakushukia tu, kwa hiyo unapoteza maji na chumvi kuliko unavyodhani. Nenda msimu wa kusi, Juni hadi Septemba, na masika ya Machi hadi Mei yaache yapite. Fundi ana maneno yake kuhusu viatu: raba iwe imezoea mguu, iwe na nafasi kidogo mbele kwa sababu mguu huvimba, na soksi ziwe jozi mbili, moja ya akiba. Kiatu kipya cha dukani ni malengelenge uliyoyalipia mwenyewe. Begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Sisi hujizoeza huku huku, alfajiri, kutoka Nzuguni kuelekea Ihumwa na kurudi, kabla vumbi na upepo wa Julai havijaamka.

Kuhusu usalama nitasema wazi. Fukwe zilizo karibu na Dar es Salaam zina vibaka, nami simshauri mtu azitembee peke yake, hasa mwenye simu kubwa mkononi. Ukitaka kuanzia kusini zaidi, mdomo wa mto Mpiji usiuvuke kwa kubahatisha. Panda barabarani upite darajani. Kaskazini ya Bagamoyo kuna mto Ruvu, wenye viboko na mamba, na hapo safari ya miguu inaishia. Ukiingia kijijini jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji, useme umetoka wapi na unakwenda wapi. Vaa kwa heshima. Wale si watu wa kupitiwa na kaptura fupi na kifua wazi. Beba chenji. Wenye gesti na mama ntilie wanastahili kulipwa kama hoteli kubwa zinavyolipwa, wala si kushangiliwa tu kwa ukarimu.

Hayo ni ya pwani. Ila ufuko ni ncha tu ya njia yenyewe. Misafara ya watumwa na pembe iliyoishia Bagamoyo ilipita kwetu Ugogo. Ikielekea bara, ilitoka Mpwapwa, ikapumzika Chunyo, halafu ikakabili nyika ya Marenga Mkali, kama kilomita 50 bila maji ya kunywa, kabla ya kufika Mvumi. Msafiri Stanley aliipita mwaka 1871, na kama wengine alilipa hongo ya nguo na shanga kwa watemi wa Kigogo. Wasafiri wale waliandika malalamiko mengi juu ya hongo hiyo. Mimi naona wazee wangu walikuwa na haki. Visima vilikuwa vyao, na msafara wa mamia ya watu unaweza kukausha kisima cha kijiji kwa siku moja.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo, ya kilomita 1,200 hivi, kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ni jambo jema, lakini haimwonyeshi mtu njia. Vijana wananiuliza hapa kituoni kama wanaweza kutembea kutoka Mpwapwa mpaka Mvumi. Nawaambia wasithubutu bila mwenyeji, kwa sababu hakuna alama hata moja na hakuna anayejua ni kisima kipi kina maji mwezi wa Septemba. Padre Valiña hakungoja bajeti ya wizara. Naziomba halmashauri za Mpwapwa, Chamwino na Manyoni, kabla hazijawaza hoteli wala lango la kuingilia, zianze na vitu vitatu vya bei ndogo: mishale ya rangi kwenye mawe, visima vilivyoandikwa kwenye ramani, na orodha ya nyumba zinazopokea wageni katika kila kijiji.