Samadi Zizini, Moshi Jikoni

Mara ngapi tumemkuta mama akipuliza moto kwenye mafiga, macho mekundu, na mtoto mgongoni akikohoa? Tumezoea kusema, "Ni moshi tu." Lakini moshi huo unaua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Moshi huingia ndani kabisa ya mapafu, ukawaletea watoto homa ya mapafu, na watu wazima magonjwa ya moyo na ya kifua.

Kinachosikitisha ni kwamba baadhi ya familia zinazovuta moshi huo zina moto safi zizini mwao. Samadi ikichanganywa na maji kwa kiasi sawa, na kufungiwa katika shimo lililojengwa lisiloingiza hewa, vijidudu huiozesha na kutoa gesi. Gesi hupita bombani hadi jikoni, ikawaka bila masizi. Tope linalobaki ni mbolea nzuri ya migomba na mboga.

Hapa Tanzania jambo hili si geni. CAMARTEC ya Arusha ilijenga mitambo hii tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ulianza mpango wa kuieneza majumbani. Ng'ombe 2 wanaofugwa bandani waweza kutosha kwa mapishi ya familia ndogo.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mtambo usipolishwa kila siku, gesi hupungua. Basi kabla ya kumwita fundi, baba, mama na watoto wakae wakubaliane: nani atachota maji, nani atazoa samadi? Tukimwachia mama yote, tutakuwa tumemwondolea moshi na kumtwisha ndoo.

Tena tuwe waangalifu. Ukisikia harufu ya mayai viza, funga koki, fungua madirisha, wala usiwashe kiberiti. Panapovuja patafutwe kwa povu la sabuni. Mtu asiingie kamwe ndani ya shimo. Hewa yake inaua.

Na asiye na ng'ombe? Akaushe kuni vizuri, aweke dirisha jikoni, na mtoto akae mbali na moshi. Tuanze leo na hilo dirisha.