Chupa Ile Iko Wapi?

Kazi yangu ni kushika vichwa vya watu. Nimeifanya miaka 19 hapa Lubumbashi, katika chumba chenye kitanda kimoja, skrini moja na mpira mweusi mwembamba wenye kamera kwenye ncha. Vitabu vinaiita endoskopi. Wagonjwa wetu wanaiita kamera ya tumbo. Mgonjwa analalia ubavu wa kushoto, anauma kidude cha plastiki, daktari anateremsha ule mpira kooni, nami nashika kichwa na kusema, "Pumua, papa, pumua polepole." Daktari akiona pahali pasipompendeza, ananyoosha mkono bila kuniangalia. Namkabidhi koleo, waya mrefu wenye meno madogo mwishoni. Anang'ata kipande cha nyama kidogo kuliko punje ya muhindi. Anang'ata tena mara sita, mara nane. Vipande vyote navidondosha katika chupa ndogo ya formalini, naandika jina na tarehe, nafunga.

Nataka kuandika juu ya chupa hiyo. Miaka hii redio na simu zinatuletea habari za dawa mpya za kansere, na watu wananiuliza kama zimefika Lubumbashi. Ukitaka kuzielewa dawa hizo, anzia kwenye chupa.

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule mtaa wa Katuba. Mwaka 2016 alianza kusema bukari, ugali wetu, inamkalia juu, akigusa pale chini ya kifua. "Mudogo, hii ni gastriti tu," aliniambia. Hapa kwetu gastriti ni ugonjwa wa kila mtu: dereva anayo, mwalimu anayo, mchungaji anayo. Duka la dawa la pembeni lilimuuzia omeprazoli, maumivu yakapoa, yakarudi, akanunua tena. Huo ndio mtego wake. Omeprazoli inakausha asidi, na kidonda cha kansere nacho kinaweza kutulia kwa muda asidi ikipungua. Mtu anadhani amepona kumbe amenyamazishwa.

Yaya alitoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari wa moto. Kisha la pili. Kisha la tatu. Mimi niliyashuhudia matundu hayo Jumapili baada ya Jumapili, mimi ambaye kazi yangu ni hii, na nikanyamaza, kwa sababu mdogo hamwamuru mkubwa wake. Siku alipotapika jioni sombe aliyokula jana yake, nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe. Nilikishika kichwa chake kama ninavyoshika cha wengine. Kwenye skrini niliona mlango wa chini wa tumbo umezibwa na kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka. Daktari hakusema neno. Alinyoosha mkono tu.

Chupa alipewa wifi yangu aipeleke maabara ya patholojia, maana malipo ya huko yalikuwa mengine, na pesa ya nyumbani ilikuwa imeishia kwenye kipimo. Aliiweka kabatini karibu na sukari. Ilikaa majuma matano, hadi zamu yake ya kupokea pesa ya likelemba, mchango wa kupokezana, ilipofika. Jibu likaja: kansere ya tumbo. Waganga wa upasuaji walimfungulia chakula njia ya pembeni, wakiunganisha tumbo na utumbo mwembamba, na Noeli ile alikula bukari laini na mchuzi wa samaki. Tulimzika kabla mvua hazijakoma. Sisemi majuma yale matano ndiyo yaliyomuua. Miezi 14 ya omeprazoli ndiyo ninayoililia.

Miaka ile jibu la chupa lilikuwa neno moja: ndiyo, ni kansere, au hapana. Leo chupa inaulizwa swali la pili: ni kansere ya namna gani?

Kila seli ya mwili inapojigawa inanakili maandishi yake yote, na mwili una wasahihishaji wanaopita nyuma kufuta makosa. Kansere nyingine zinaota mahali ambapo wasahihishaji hao hawapo. Makosa yanarundikana, na seli zinakuwa na sura ngeni kabisa. Askari wa kinga ya mwili wangezitambua mara moja, lakini kansere inawakanyagia breki. Dawa za kinga zinaondoa mguu kwenye breki hiyo. Mwezi Juni 2022 madaktari Andrea Cercek na Luis Diaz wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, walitangaza habari za wagonjwa 12 wa kansere ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, wote wakiwa na aina hii isiyo na wasahihishaji. Walipewa dawa iitwayo dostarlimabu kila majuma matatu kwa miezi sita. Uvimbe ulitoweka kwa wote 12. Hakuna aliyepasuliwa, hakuna aliyepigwa mionzi. Mwaka 2025 idadi ilifika 49, na kwa wote 49 uvimbe ulitoweka.

Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria wagonjwa wetu wa puru, vijana kwa wazee, wanaoamka kutoka chumba cha upasuaji na mfuko wa choo tumboni, na mama mmoja aliyeniambia hataingia tena kanisani kwa aibu ya harufu. Wenye aina hii ni wachache: katika wagonjwa 100 wa puru, watano hadi kumi. Lakini hutamjua ni nani kati yao kwa kumtazama usoni. Kipande ndicho kinachosema.

Na si wagonjwa wa puru peke yao wanaotegemea kipande. Tangu 2010 inajulikana kwamba kansere fulani za tumbo zinabeba alama iitwayo HER2, na zikipewa trastuzumabu pamoja na dawa za kemotherapi, mgonjwa anaishi muda mrefu zaidi. Mwaka 2025 watafiti wa nchi za Skandinavia wakiongozwa na Anna Martling wa Sweden walionyesha jambo lililonifanya nisimame: aspirini, ile ile tunayoijua, miligramu 160 kwa siku kwa miaka mitatu baada ya upasuaji, ilipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kansere ya utumbo mpana kurudi, kwa wagonjwa wenye mabadiliko fulani ya jeni. Kwa hao tu. Usikimbilie kuinunua: aspirini inatoboa matumbo, na waliotoboka nawaona kila mwezi.

Ndiyo maana nakasirika ninapoletewa chupa yenye maji ya chumvi badala ya formalini, kwa kuwa formalini iliisha na mtu akaona maji ni maji. Nyama inaoza humo. Kwa vipimo vipya vya alama, kipande kinatakiwa kukaa ndani ya formalini kati ya saa 6 na saa 72, kisha kitengenezwe. Majuma matano karibu na sukari yanatosha kuharibu majibu ambayo dawa mpya zinayahitaji.

Najua utakachoniambia: Mama, dawa hizo ni za matajiri. Ni kweli. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiongeza kansere ya utumbo mpana iliyosambaa, ya aina ile isiyo na wasahihishaji, kati ya magonjwa ambayo kwayo pembrolizumabu, dawa ya jamaa moja na ile ya New York, inahesabiwa kuwa dawa ya lazima. Kuandikwa kwenye orodha si kufika hapa, na dozi moja bado ni maelfu ya dola. Lakini nimeishi kuona dawa za ukimwi. Mwaka 2000 matibabu ya mwaka mmoja yalizidi dola 10,000. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza dola 350. Leo wagonjwa wetu wanazichukua bila kulipa. Trastuzumabu nayo tayari inatengenezwa na viwanda vingi, India ikiwemo, na bei yake imeshuka. Dawa zitakuja. Swali langu ni kama zitatukuta na chupa zilizotunzwa.

Kuna mengine yaliyokwisha kufika. Vidonda vingi na kansere nyingi za tumbo zinaanzia kwa bakteria iitwayo Helikobakta pilori. Waaustralia Robin Warren na Barry Marshall waliigundua, na kwa kuwa hawakuaminiwa, Marshall aliinywa mwenyewe mwaka 1984 hadi akaugua. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Katika chumba chetu tunaipima kwa kutia kipande kwenye jeli ya njano. Ikigeuka rangi ya waridi, bakteria yupo. Tiba yake ni antibiotiki mbili pamoja na omeprazoli, kwa kawaida siku 14. Watu wetu wanaacha siku ya tano, maumivu yakiisha, na vidonge vilivyobaki wanampa jirani. Bakteria anabaki, tena amejifunza kuishinda dawa.

Na kuna jambo lisilohitaji duka lolote. Mwaka 2025 matokeo ya utafiti uliofanywa zaidi Kanada na Australia, kwa wagonjwa 889 waliokwisha kupasuliwa na kumaliza kemotherapi ya utumbo mpana, yalionyesha kwamba waliosimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka mitatu walipona vizuri zaidi. Baada ya miaka minane, 90 katika 100 walikuwa hai, dhidi ya 83 kwa waliopewa kitabu cha ushauri tu. Mazoezi yenyewe, kwa wengi, ni kutembea kwa haraka saa nzima au pungufu kidogo, mara tatu au nne kwa juma. Mtu wa mtaa wetu wa Kenya au wa Kamalondo anaweza kutembea hadi katikati ya mji na kurudi. Ninachoomba ni asitembee peke yake: wale wa utafiti walikuwa na mtu wa kuwafuatilia.

Nirudi kwenye chupa. Wanaohitaji mionzi, hasa wa umio na wa puru, mara nyingi wanalazimika kusafiri mbali. Nimewaona wakiondoka na picha za skana ndani ya bahasha kubwa, bila karatasi ya patholojia. Wakifika wanaanzishwa upya, kamera tena, kipande tena, na pesa ya kulala ugenini inaliwa na kungoja.

Basi wewe unayesoma, kama una miaka zaidi ya 40 na gastriti yako haijaisha baada ya mwezi wa dawa, kama choo ni cheusi kama lami au kina damu, kama chakula kinakwama, kama unatoboa mkanda wako tundu jipya, usinunue pakiti nyingine ya omeprazoli. Omba kamera. Ukitoka, usiulize tu wameona nini. Uliza kama wamekata kipande, chupa ina formalini au maji, nani anaipeleka maabara, na jibu linatoka siku gani. Kama pesa haitoshi, tuambie siku hiyo hiyo, tutafute njia pamoja, kabla chupa haijaingia kabatini. Na kama mgonjwa ni mkubwa wako, mwambie hivyo hivyo. Mimi sikumwambia.