Kamba ya Wavuvi Kwenye Kioo cha Gari

Kamba yenyewe ni ya nailoni, nyembamba, ya aina wanayonunua wavuvi wa mto Kilombero. Fundi aliichovya kwenye maji ya sabuni, akaizungusha ndani ya mfereji wa mpira uliokwisha kuvishwa kioo cha mbele cha Land Cruiser ya zamani, kona zote nne, mpaka ncha zake mbili zikapishana chini katikati. Watu wawili wakakibeba kioo, wakakiegemeza kwenye nafasi yake kutokea nje, na ncha za kamba zikaingizwa ndani ya gari. Hapakuwa na skrubu wala gundi. Nilikuwa nimepita gereji hiyo ya Ifakara kwa shughuli nyingine kabisa, lakini miguu iligoma kuondoka. Kioo kizito namna ile kitashikwaje na kamba?

"Kamba haishiki kitu, mwanangu," alisema fundi bila kugeuka. "Kamba itatoka yote. Kinachoshika ni mpira. Mpira una ulimi, na ulimi lazima uruke bati uje huku ndani. Sasa utauvutaje na umefunikwa na kioo? Ndiyo kazi ya kamba."

Ni mtu mzima mwenye sauti ya chini, na aliniomba nisimtaje jina. Aliingia ndani, akapiga magoti kwenye kiti. Kijana wake alibaki nje, viganja viwili vimelala juu ya kioo. Mzee akashika ncha moja na kuivuta, si kujielekezea yeye bali kuelekea katikati ya kioo, karibu ilale juu yake. Kamba ilipochomoka kwenye mfereji, ulimi wa mpira ulinyanyuka, ukavuka ukingo wa bati, ukalala upande wa pili. Urefu wa vidole vitatu, kisha vingine vitatu. Nje, viganja vya kijana vilikuwa vikiifuata kamba, vikibonyeza palepale ilipofika. Hawakusemezana, na hawakuhitaji. Upande wa chini ulikwenda vizuri. Kwenye kona ya kwanza mzee alipunguza mwendo hadi nikadhani amekwama.

"Kona ndiyo inayomtaja fundi," alisema baadaye, akinawa mikono. "Ukivuta kwa haraka kamba inachana ulimi. Ukishauchana, utapaka silikoni juu, utafuta vizuri, mteja atakushukuru. Masika yakiingia, maji yanamkuta miguuni. Hatakumbuka kona. Atasema gari limezeeka."

Kwa nini kijana asigonge kwa ngumi, kazi iishe? Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Ndiyo maana jiwe likikipiga kinachora nyufa lakini hakimwagiki, wakati kile cha mlangoni kinasagika punjepunje. Uso wake unavumilia mengi kuliko ukingo. Pigo likiusukuma ukingo kwenye bati, au bisibisi ikiteleza ikaugusa, ufa unaweza kuanzia hapo na kutembea hadi katikati. Na kioo kingine kitatafutwa Dar es Salaam, kisafiri kikiwa kimesimamishwa wima, na mteja asubiri tena.

Bonde hili la Kilombero halivihurumii vioo. Kutoka Kidatu hadi Ifakara, kilomita 67 hivi, leo ni lami, na wanaokumbuka safari ile kabla ya lami hawahitaji kusimuliwa. Lakini ukivuka mto kwa Daraja la Magufuli, mita zake 384, ukashika njia za Ulanga na Malinyi, bado utakutana na changarawe, na mbele yako kuna Fuso la mpunga au lori la magogo ya mitiki. Jiwe moja chini ya tairi lake linatosha. Kisha mvua zinakuja na kuikagua kazi ya kila fundi.

Kilichonigusa zaidi ni kazi iliyofanyika kabla ya kamba, ambayo mwenye gari hakuiona. Fundi aliyetangulia, popote alipo, alikuwa ameng'oa mpira wa zamani kwa bisibisi, akaikwaruza rangi ya ukingo. Chini ya mpira maji yalituama, kutu ikala bati taratibu. Mzee alikwangua, akapiga msasa hadi bati safi, akapaka praima, akapaka rangi, akaacha ikauke. Mpira mpya aliukata ukiwa mrefu kidogo kuliko mzunguko wa kioo, kisha akausukuma uingie ukiwa umebanana. "Jua la hapa linaufinya," alinieleza. "Ukiukata sawasawa leo, mwakani kona zimeachia."

Hapo ndipo wateja wanapobishana naye. Bei ya kioo wanaikubali. Bei ya mpira wanaiona nyongeza ya kujitakia: si ule wa zamani upo? "Ananiambia mpira si unaonekana mzima. Namwambia uukunje. Anaukunja, unapasuka. Bado anataka nipunguze."

Gari nyingi zinazoingia gerejini sasa, IST na Noah na wenzake, hazina mfereji wala ulimi. Kioo kimegandishwa kwenye bodi kwa gundi nyeusi, na ule ukanda wa pembeni unaziba mwanya na kuelekeza maji. Huko kamba haina kazi. Mzee anatumia waya, mtu mmoja ndani na mwingine nje, wanaukata ugando wa zamani kwa kuvutana. Haukwangui wote. Anaacha tabaka jembamba, kwa sababu gundi mpya inashika vizuri juu ya ile ya zamani iliyo safi kuliko juu ya bati tupu. Palipopakwa praima hagusi kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yanaidhoofisha. Ukanda uliopinda harudishi: upepo wa barabarani utaunyanyua na kuanza kupiga mluzi.

Anachokipinga kwa ukali ni silikoni ya madirishani kutumika mahali pa gundi ya magari. "Kioo hiki si pazia. Gari likipinduka, kinasaidia kubeba paa. Mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka, unaegemea kioo. Kikitoka, mfuko utaegemea nini?"

Gundi halisi hukomaa kwa unyevu wa hewani, na unyevu Ifakara haujawahi kuadimika. Hata hivyo inahitaji saa zake, na abiria wa Malinyi hawangojei. Nilimuuliza kama huwa anakatalia funguo. Alinyamaza, kisha akasema kuna siku alikatalia, na kuna siku alishindwa.

Akaniletea tyubu ya gundi, akanionyesha tarehe ya mwisho wa matumizi. Ilikuwa bado haijafika. "Lakini haikuandikwa imekaa juani siku ngapi, kontenani, dukani, kwenye buti la basi. Mimi nitajuaje? Na trafiki akisimamisha gari, anatazama ufa na stika ya Nenda kwa Usalama. Chini ya ukanda anatazama nani?"

Nimewauliza madereva kadhaa swali hilohilo. Wengi wao hawakuwa wamewahi kujiuliza kioo chao kimeshikwa na nini.