Nguo ya Picha: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi nguo zinajitembeza kwa picha. Mwaka 1982, katika jimbo la Florida nchini Marekani, wafanyabiashara walianza kuuza bidhaa kwa kuzionyesha kwenye televisheni. Mtazamaji alipiga simu, akalipa, na mzigo ukamfuata nyumbani. Kwetu Tanzania Bara, ambako vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994, duka la namna hiyo limetufikia zaidi kwa simu ya mkononi. Mama aliye Kibiti anaonyeshwa gauni lililoko Kariakoo, analipa kwa simu, na mzigo unapakiwa kwenye basi.

Hatuandiki ili kuwakataza akina mama biashara hii. Kwenda Dar es Salaam kufuata gauni moja ni nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi imepotea. Tena wauzaji wengi ni akina mama wenzetu wanaotafuta riziki kwa uaminifu. Lakini fedha za nguo katika nyumba zetu zinatokana na mpunga, korosho na kamba wa delta. Mara nyingi ndizo hizo hizo za sare na madaftari. Zikipotea, watoto ndio wanaokosa.

Bei ya kweli ni ipi?

Bei iliyoandikwa chini ya picha ni mwanzo tu. Tuseme gauni linauzwa shilingi 25,000. Ongeza makato ya kutuma fedha 1,000 na gharama ya mzigo kwenye basi 4,000. Mama anayeishi visiwani, ng'ambo ya Nyamisati, ataongeza 2,000 za boti. Jumla ni 32,000. Gauni hilo likipauka na kuachia mishono baada ya kuvaliwa mara 8, kila kuvaa kumegharimu shilingi 4,000.

Sasa tuseme mama mwingine amenunua kitenge cha pamba kwa 30,000 na kumlipa fundi 15,000. Ametoa 45,000, na majirani watasema amenunua ghali. Lakini akilivaa mara 60, kila kuvaa ni shilingi 750. Nani amenunua rahisi?

Jambo ambalo picha haionyeshi

Picha haikuambii uzito wa kitambaa, wala haionyeshi upande wa ndani wa mshono. Gauni la poliesta hung'aa vizuri pichani na halikunjiki ovyo, lakini halinyonyi jasho. Katika joto la delta, aliyelivaa atalikumbuka kanisani kabla ibada haijafika katikati. Pamba hunyonya jasho, ila nyingine hurudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo isikubane tangu siku ya kwanza.

Fikirieni pia maji yetu. Kisima kikiwa na maji ya chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na mama husugua kwa nguvu zaidi. Kitambaa chepesi hakivumilii kazi hiyo.

Kabla ya kulipa

1. Omba picha aliyopiga muuzaji mwenyewe, mchana, ikionyesha pindo na mishono ya ndani. Picha ya mwanamitindo inaweza kuwa ya gauni jingine kabisa.

2. Usitegemee alama za L au XL, kwani hutofautiana kiwanda na kiwanda. Omba vipimo vya kifua, kiuno, nyonga na urefu kwa sentimita, kisha ulinganishe na gauni lako linalokukaa vizuri.

3. Uliza nguo ni mpya au ni mtumba. Mtumba mzuri waweza kudumu kuliko nguo mpya hafifu, lakini bei yake iwe ya mtumba.

4. Uliza mapema: isiponitosha, nani atalipa nauli ya kuirudisha? Jibu liwe la maandishi.

Mzigo ukifika

Ufungue mbele ya aliyeuleta. Sugua pembe ya ndani kwa kitambaa cheupe kibichi. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, usiifue pamoja na nguo nyingine. Chomoa uzi mmoja penye pindo na uuchome kwa uangalifu. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu.

Tunza ujumbe na risiti ya malipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Anza na muuzaji mwenyewe kwa maneno ya upole, ukiwa na ushahidi mkononi.

Tuagize pamoja

Akina mama walio katika kikundi kimoja cha kuweka na kukopa wanaweza kuunganisha mahitaji yao, wakachanga nauli na kumtuma mmoja anayejua vitambaa aende sokoni akashike kila nguo kwa mkono wake. Na kwa nguo za watoto, tusimsahau fundi cherehani wa jirani. Mwambieni aache kitambaa cha kutosha kwenye pindo na ubavuni, ili mtoto akirefuka gauni lifumuliwe na kuongezwa.

Krismasi na Pasaka huja na tarehe zake zinazojulikana. Tukae na waume zetu mapema, tupange fedha za nguo, ili tusinunue kwa haraka ya siku mbili za mwisho.