Tatizo la "Sehemu ya Soko"

Istilahi "sehemu ya soko" hupotosha itumikapo kwa mifumo endeshi huria ya seva, kama ile ya Linux iliyoanza mwaka 1991. Huko Nachingwea, mkulima apandaye karanga alizoweka akiba, au alizopewa na jirani, haonekani katika daftari la muuza mbegu; ila shamba lake lipo. Vivyo hivyo nakala moja ya mfumo huria yaweza kuwekwa katika seva mia pasipo risiti hata moja. Afisa asomaye hesabu ya mauzo na kudhani mfumo huo hautumiki amepotoka. Mfasiri na aandike "sehemu ya mauzo" au "sehemu ya matumizi", kwa kadiri ya kilichopimwa. Tena "huria" si "bure": nakala yake yaweza kuuzwa.