Bila turbo, kasi ya gari huanzia kwenye hewa

Na Mwandishi Wetu, Namtumbo

GARI lenye injini kubwa isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kadiri linavyopanda nyanda za juu, kwa kuwa hewa huko ni nyepesi. Kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,000, kama ukanda wa Songea na Namtumbo, upungufu hukaribia asilimia 10.

Sehemu ya nguvu hiyo hufidiwa kwa kusafisha chujio la hewa, kubadili plagi zilizochakaa, kupanua bomba la moshi na kupunguza uzito. Kuongeza mgandamizo kwa kupunguza unene wa silinda hedi huhitaji petroli yenye oktani ya juu. Vinginevyo injini hugonga na pistoni huweza kutoboka.

Breki na matairi viimarishwe kwanza: kwenye makazi ya watu, sheria inaruhusu kilomita 50 tu kwa saa.