Kitabu Kilichowagawa Wasomaji

Tangu riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ichapishwe mwaka 1974, wasomaji hawajapata kukubaliana juu yake. Kazimoto, msimulizi wake, si shujaa wa vita wala mwana wa mfalme. Ni kijana wa Chuo Kikuu ambaye arudipo kijijini hujiona mgeni miongoni mwa jamaa zake, na hatimaye hujiua.

Wapo waliokilaumu kitabu hiki kwa kueneza kukata tamaa, wakati ambapo Tanzania iliwataka vijana wajenge nchi kwa moyo wa Ujamaa. Walizoea hadithi ambazo mwishoni mwema hushinda na mwovu huadhibiwa. Wengine walikisifu kwa kuwa kilithubutu kuingia moyoni mwa kijana na kufichua shaka ambazo vijana huwaficha wazazi.

Kila upande una hoja yake. Lakini askari aliye kambini, mbali na wanawe, asikitupe kitabu hiki upesi. Elimu ya Kazimoto haikumwokoa. Basi mtoto arudipo likizo, asiulizwe alama za mtihani peke yake. Aulizwe pia habari za moyo wake, kisha asikilizwe.